Veranda ya Nyumba Niliyojenga

Nyumba ya mama yangu iko Mutuini, mbele kidogo ya mahali lami inapoishia, na niliijenga mimi. Sikusaidiwa na mtu. Mawe niliyachagua mwenyewe, moja moja, nikarudisha lori zima kwa sababu yalikuwa na nyufa. Tangi la maji nililipandisha juu ya mnara wa vyuma niliouchomelea kwa mikono hii, na ukipita barabara ya juu asubuhi utaliona likimetameta kabla hujaliona paa la kanisa. Majirani wa Mutuini wana mashamba waliyoachiwa na babu zao. Mimi sikuachiwa hata jembe. Nilizaliwa Riruta katika chumba kimoja cha mabati, baba akibeba mizigo na mama akiuza mboga kando ya barabara, wote wakiwa wametoka magharibi na godoro moja. Nikaingia jeshini. Nikawa koplo. Nikasomea diploma ya ufundi wa magari jioni, wakati wenzangu wako kantini, na karo nikajilipia. Nikawa sajini, nikaenda vitani, nikarudi na nishani, nikafungua gereji yangu Riruta. Leo magari yanapanga foleni mpaka barabarani.

Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane ni mtu wa aina gani anayekula sahani yake nje.

Katika nyumba hiyo kuna meza ya mvule, pana, imara, ambayo baba yangu mdogo, seremala wa Uthiru, aliitengeneza kwa kipimo nilichompa. Nimeketi kula kwenye meza hiyo mara moja tu, na mlo sikuumalizia hapo.

Acha nianze na vita.

Ilikuwa ng'ambo ya mpaka, nchi ya mchanga na miiba, na kazi yetu siku hiyo ilikuwa kupeleka maji. Gari dogo la ulinzi lilitangulia, lori la maji likafuata, na sisi tukawa nyuma kwenye lori la tatu. Mimi nilikuwa fundi wa msafara. Kiongozi alikuwa luteni, kijana mwenye adabu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza kama gari lake linaweza kuvumilia mchanga. Nilimwambia litavumilia. Gari lilivumilia mchanga. Bomu lililofukiwa ndani ya mchanga hakuna gari lingelivumilia.

Gari la mbele liliruka, likalala ubavu. Luteni alitupwa nje, mguu wake mmoja ukiwa haufuati mwili. Risasi zikaanza kutoka kushoto, kisha kulia, na dereva wa lori la maji akafa akiwa ameshika usukani. Lori letu nalo likapigwa kwenye injini. Tulilala nyuma ya tuta la mchanga lisilofika hata kimo cha kiti. Watu husema hofu iko moyoni. Si kweli, iko mdomoni. Ulimi unakuwa kama kitambaa cha gereji.

Nilisubiri luteni aseme kitu. Luteni alikuwa anamwita mama yake. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, na kila uso ulikuwa umenigeukia mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba cheo si kile kinachoshonwa begani.

Nililitazama lile lori la maji kama fundi. Lilikuwa limezimika likiwa kwenye gia, lakini chini halikuvuja mafuta. Tangi ndilo lilikuwa limetobolewa pande zote mbili, maji yakichuruzika kama bomba za bafu. Lori la dizeli la aina ile, ukiliweka gia ya chini kabisa, hutambaa lenyewe hata bila mguu kwenye mafuta. Sikufundishwa hilo vitani. Nilifundishwa darasani, jioni, katikati ya jiji la Nairobi, kwa karo yangu.

Nikatambaa. Nikaingia. Nikamshusha dereva kwenye sakafu, nikamwomba radhi, nikawasha. Injini ikaitika. Nikaweka gia ile ya chini, nikafunga usukani kwa mkanda wa bunduki usigeuke, nikaruka nje. Likaanza kutambaa lenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Nikawapigia kelele, "Nyuma ya lori! Upande wa kushoto! Msikimbie! Anayekimbia anakufa, anayetembea anaishi!" Kwa wakati huo waliokuwa kushoto tulikuwa tumeshawanyamazisha, na moto wote ulikuwa unatoka kulia.

Tukatembea. Luteni tulimbeba kwenye turubai. Ukifikiri kutembea ni rahisi, jaribu kutembea kwa mwendo wa ng'ombe huku risasi zinagonga bati upande wa pili. Kijana mmoja miguu ilitaka kukimbia, nikampiga kofia ya chuma kwa kitako cha bunduki, akarudi mstarini. Maji yalitumwagikia vichwani, mgongoni, ndani ya buti. Mmoja wetu, Mkamba mcheshi ambaye hata jehanamu angetania, akasema, "Afande, leo tunaoga bure." Tukacheka. Naapa tulicheka.

Karibu na mwisho wa ile njia, pale miiba inapoachia uwanda, mtu alitokea mbele ya lori, kando ya gurudumu la kwanza. Hakuwa mbali nami kuliko muuza duka alivyo mbali na mnunuzi. Alikuwa kijana. Alikuwa na kijiti cha mswaki pembeni mwa mdomo, kama mtu aliyetoka kunawa uso. Bunduki yake ilikuwa inapanda. Yangu ilikuwa imeshapanda. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa karibu kiti, na lori likaendelea, nasi tukaendelea.

Tuliwapoteza wawili siku hiyo, dereva na mwingine wa gari la mbele, wote kabla sijashika uongozi. Tangu niliposhika, sikumpoteza hata mmoja. Luteni yuko hai, anatembea na mguu wa bandia, na kila Krismasi hunipigia simu. Jeshi lilinivalisha nishani. Ningefanya vilevile kesho, kila hatua, pamoja na ile ya kwenye gurudumu.

Mkataba wangu ulipoisha nikarudi nyumbani, na mama akataka ibada ya shukrani. Mimi sifanyi mambo kidogo. Nilikodi mahema, nikachinja fahali, nikaalika kanisa zima na nusu ya Riruta. Mchungaji alipomaliza mahubiri akanipa kipaza sauti, na mimi nikipewa kipaza sauti hujua cha kufanya nacho. Niliwapeleka vitani. Niliwapa luteni, lori, gia, maji. Walipofika kwenye "leo tunaoga bure" walipiga makofi mpaka hema likatikisika. Nikaona bado wana njaa, nikawapa na kijana wa mswaki. Nilionyesha kwa mikono jinsi bunduki ilivyopanda. Vijana wakapiga mluzi, mpiga kinanda akaupigia ule mluzi wimbo, mchungaji akasema Bwana ni mtu wa vita.

Mama alikuwa ameketi mbele, na kitambaa chake cheupe cha chama cha akina mama. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Nilipofika kwenye gurudumu mikono yake ilisimama hewani, kisha akaishusha, akaifunika kwa mkoba.

Baadaye, wageni wa karibu walipokuja nyumbani kula, niliikuta sahani yangu kwenye veranda. Ilikuwa juu ya stuli, imefunikwa, mpya kabisa, na kibandiko cha dukani bado kiko chini yake.

"Mama, mbona huku?"

"Kula, baba."

"Ndani kuna mgeni gani ambaye siwezi kuketi naye?"

"Mgeni ni wewe," akasema, na hakuwa anatania. "Uliyosema kanisani ni kweli?"

"Nilisema uwongo lini?"

"Basi kula hapo."

Nilimfuata mpaka mlangoni. Alisimama katikati ya fremu, mwanamke ambaye kichwa chake hakifiki kwapani kwangu, na sikuweza kupita.

"Mtu aliyemwaga damu ya mtu hali katika nyumba ya mama yake mpaka avushwe, aoshwe damu hiyo," akasema. "Mkono uliofanya kazi ile hauingii kwenye chungu changu. Anayekula nao huvimba miguu, halafu tumbo, halafu tunamzika. Nimeona kwa macho yangu nikiwa msichana."

"Mama, wewe umeokoka. Mchungaji ameniombea sasa hivi, umeona."

"Yesu ni wa roho. Hii ni ya mikono."

"Nyumba nimejenga mimi!"

"Ulijenga ukanipa. Ulisema mbele ya watu, mama, hii ni yako. Ama ulikuwa unanikopesha?"

Nilirudi kwenye stuli. Nilikula pale nje kwa hasira, nikila haraka kama kuruta, huku wageni wakinipita na kuniambia eh, sajini, unapunga upepo? Nikawaambia nimezoea mazingira ya wazi. Mke wangu, ambaye ametoka upande mwingine wa nchi na kwao mambo hayo hayapo, alisubiri tukiwa njiani kurudi Riruta ndipo akasema, "Baba watoto, vita umeshinda. Huyu mama hutamshinda."

Nilidhani ni jambo la wiki moja. Lakini kila nilipokwenda Mutuini, sahani ilikuwa pale pale, ile ile yenye kibandiko, na haikuoshwa pamoja na vyombo vingine. Tena kuna jambo lililoniuma kuliko lile la sahani. Mama mwenyewe aliacha kula kwenye meza ya mvule. Alikula jikoni, kwenye kigoda, akiwa amegeuzia ukuta uso. Meza ile ilibaki na vitambaa vyake vya kufuma kama kaburi la mtu mkubwa. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Nitakaa vipi mezani kwa mwanangu, na mwanangu yuko na kuku uani?" Alikuwa anakonda. Nilimpeleka hospitali, wakampima kila kitu, wakasema yuko sawa, ale vizuri.

Baba mdogo akaja kutoka Uthiru kutusuluhisha. Ni mtu wa amani, mwenye vumbi la mbao masikioni, na alikuwa amepata njia. Alituketisha veranda, mama mlangoni, mimi kwenye stuli yangu.

"Hebu tuulize vizuri," akasema. "Siku hiyo risasi zilikuwa ngapi?"

"Nani alihesabu?"

"Vizuri sana. Zilikuwa nyingi. Na nyuma yako kulikuwa na wenzako, na wao pia bunduki zao ziko mbele?"

"Ndiyo."

"Basi! Wewe umefyatua, mwingine amefyatua, mwingine tena. Nani anajua ni ya nani iliingia?" Akanikonyeza, akamgeukia mama. "Shemeji, hata mahakamani huyu angeachiliwa. Pengine hajamuua mtu."

Mama alinitazama. Sijawahi kuona mtu anaomba kwa macho namna ile. Nilihitaji kusema neno moja tu, pengine, na meza ingetandikwa jioni hiyo hiyo.

"Ni yangu," nikasema. "Wenzangu walikuwa nyuma ya gurudumu la pili. Hawakumwona. Nilimwona mimi, nikampiga mimi."

"Lakini mwanangu," baba mdogo akasema, "si useme tu pengine."

"Baba mdogo, nikisema ile risasi si yangu, basi na lori si langu. Na luteni sikumtoa mimi. Nitachukua nusu ya siku hiyo nimwachie nani nusu nyingine?"

Mama akaingia ndani. Sikujuta, na sijuti. Kuna watu huomba sifa za kazi waliyoifanya, kisha wakikabidhiwa uzito wake wanasema walikuwa wengi. Mimi si wa namna hiyo.

"Basi avushwe," nikamwambia baba mdogo kwa sauti ili mama asikie. "Niambieni gharama, niambieni mnyama, nitalipa. Siamini, lakini nitakaa kimya. Nani anavusha?"

Hapo ndipo nilipojua ugumu wenyewe. Anayevusha lazima awe wa ukoo wetu, na lazima awe ameua vitani, akavushwa, akala na watu wakaishi. Mto huvushwi na mtu aliyesimama ukingo huu. Baba mdogo alipiga simu nyumbani magharibi siku mbili mfululizo, akirudi kila mara na jina la marehemu. Wa mwisho mwenye sifa hiyo alizikwa kabla sijajiunga na jeshi.

"Wewe ni wa kwanza kwa kila kitu," baba mdogo akasema, na nadhani alikusudia kunifariji. "Diploma wa kwanza, sajini wa kwanza, nyumba ya mawe wa kwanza. Sasa na hili. Hakuna aliye mbele yako wa kukufungulia." Kisha akapiga goti lake kwa kiganja. "Ngoja! Yuko mmoja! Tunazunguka dunia na yuko hapa hapa mjini!"

Nilijua anamsema nani kabla hajamaliza. Nilikuwa nimesahau tu kwamba bado yuko duniani.

Tulipokuwa watoto Riruta, ploti yetu ilikuwa na mzee mmoja wa ukoo ambaye sote tulimwita babu. Alikuwa amestaafu jeshini. Jumapili mchana alikuwa anatoka na fimbo ya ufagio, anaishika kama bunduki, anatupigania vita vya kaskazini vyote tangu mwanzo. Alikuwa amelinda kisima peke yake dhidi ya kundi zima. Alikuwa amewaangusha, mmoja, wa pili, wa tatu, na sisi watoto tulikuwa ndio tunaoanguka, tukigombania nani aanguke kwanza. Mkononi alikuwa na kovu refu linalong'aa, la kisu cha bunduki, na aliyekuwa na adabu wiki hiyo aliruhusiwa kuligusa. Mimi niliingia jeshini kwa sababu ya kovu lile. Sikumwambia mtu, ila ni hivyo.

Sasa alikuwa mlinzi wa mlango katika duka la vifaa vya ujenzi katikati ya jiji. Na duka lenyewe nilikuwa nalijua, maana mwenye duka, Singasinga mcheshi wa rika langu, ndiye aliyeniuzia mabati na saruji ya nyumba ya mama. Aliponiona mlangoni akafungua mikono.

"Sajini! Umekuja jenga ingine?"

"Leo nimekuja kwa babu yangu."

"Afande wako iko nyuma, anakunywa chai yangu kama serikali. Mwambie ile vita yake ya kisima amenipigia jana tena. Sasa adui wamekuwa wengi zaidi."

Nilimkuta babu stoo, kati ya vyoo vya kauri na mifuko ya gundi ya vigae, amevaa sare iliyopigwa pasi na buti zinazong'aa kuliko za kuruta yeyote niliyemkagua. Alinikumbatia. Aliniambia amesikia habari zangu, ametembea na kifua mbele mji mzima. Nikamweleza kilichonileta: mama, sahani, baba mdogo, wazee walioisha. Nikamwambia amebaki yeye peke yake.

Aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Funga huo mlango."

Nikafunga.

"Wewe sasa ni askari," akasema. "Umeona majeraha. Hebu tazama hili vizuri." Akakunja mkono wa shati. Lile kovu lilikuwa pale, refu, linang'aa, na nilipolitazama kwa macho niliyorudi nayo kutoka vitani, niliona halikuwa la kisu. Kisu hupasua. Hili lilikuwa limemwagika.

"Mafuta," nikasema.

"Mafuta ya kukaangia. Sufuria ilipinduka." Akashusha mkono wa shati, akakifunga kifungo. "Nilikuwa mpishi, mjukuu wangu. Kaskazini nilienda, kwa Mungu mmoja nilienda, na risasi nilizisikia. Lakini nilizisikia nikiwa na mwiko. Hiyo bunduki niliyobeba, sikuwahi kumwelekezea mtu."

"Na kisima?"

"Kisima kilikuwepo. Nilikuwa nachota maji ya ugali."

Nilicheka. Nilidhani nitakasirika, lakini nilicheka mpaka nikashika mfuko wa gundi, na yeye akaanza kucheka, mzee wa watu, machozi yanatoka. Kisha tukaacha.

"Nitakuja," akasema.

"Kufanya nini, babu? Haifai. Wewe hujaua."

"Nani anajua? Mama yako ananiamini tangu nikuguse utosini kukubariki ulipozaliwa. Maneno yote nayajua, niliyasikia kwa babu yangu akimvusha mtu. Nitakuja, nitasema, mama yako atakula. Kwani wewe unaamini?"

"Siamini."

"Basi shida iko wapi?"

Nilisimama pale nikifikiri kama sajini. Kuna watu wamekwama. Kuna kitu kimoja kinachoweza kutembea. Huulizi kama kina matundu. Nikamwambia Jumamosi.

Ilikuwa Julai, na wenyeji wa Mutuini wanajua Julai yao ikoje: ukungu haunyanyuki mpaka adhuhuri, watu wanavaa koti juu ya sweta na mbuzi wanakohoa. Babu alikuja na sare yake, na medali ambayo kila mtu aliyemaliza utumishi hupewa. Mama alitoka kumpokea akipiga magoti kidogo, kama anavyowapokea maaskofu. Kulikuwa na jogoo mweupe, majani machungu, maji yenye majivu. Babu alinisimamisha nje ya kizingiti, akatafuna yale majani, akanipulizia viganjani. Akanawa nami katika karai moja. Kisha akashika tonge, akaligawa, tukala pamoja tukiwa nje, mkono wake na wangu katika sahani yenye kibandiko, na akamgeukia mama akasema maneno kwa lugha yetu, kwa sauti iliyotetemesha madirisha niliyoyaweka. Maana yake ni hii: mkono huu ulifanya, ukavushwa, ukala na watu, na waliokula nao wako hai, leo unauvuta mwingine.

Nimesikia majenerali wakizungumza. Hakuna aliyemfikia mpishi yule.

Mama akapiga vigelegele. Akanishika mkono, ule wa kulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ibada, akanivuta ndani, akanikalisha kwenye kichwa cha meza ya mvule. Alikuwa amepika kuku wa kienyeji na mchuzi wake, mboga chungu kwa maziwa, ugali wa wimbi mkubwa kama kofia ya chuma, na kwetu ugali wa furaha huliwa kutoka sinia moja. Baba mdogo akaomba. Babu akavamia kuku akisema chumvi iko sawa, yeye anajua. Nikakata tonge, nikachovya, nikala. Nilikuwa katika nyumba yangu, kwenye meza yangu, na mama anacheka na meno yake yote yaliyobaki.

Kisha mama akanyoosha mkono wake kwenye sinia, pale pale nilipokata mimi.

Mkono wake umekonda. Mishipa imesimama juu yake. Nilimwona akibonyeza tonge, akifanya shimo kwa kidole gumba, na ghafla ulimi wangu ukawa kitambaa. Mimi, mwenye diploma, nisiyeamini. Nilitazama miguu yake chini ya meza, katika soksi za sufu na ndara, miguu myembamba iliyotembea na vikapu vya mboga barabara yote ya Riruta, na nikaanza kuitafutia uvimbe. Babu alikuwa anavunja mfupa na kovu lake la mafuta linang'aa kwenye mwanga. Niliyaambia mawazo yangu yanyooke. Hayakunyooka.

Kabla tonge halijafika mdomoni mwake nilimshika kiwiko.

"Mama, hilo acha. Kata upande ule, huku nimemwaga pilipili."

Nikachukua kisu, nikaukata ugali katikati, nikausukuma upande wake mbali na wangu. Changu nikakitia kwenye sahani, nikasimama.

"Unaenda wapi, baba?"

"Nje kidogo. Humu kuna joto."

Baba mdogo, aliyekuwa amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akasogeza kiti nipite. Babu aliacha kutafuna. Macho yetu yalikutana, na nikampa ishara ile tunayopeana tukiwa kwenye doria, ya kwamba kaa hapo ulipo, usiseme. Sitamwaibisha mzee aliyenipa jeshi. Hata hivyo alishusha uso wake kwenye sinia.

Mama alinitazama, akamtazama babu. Akamtazama babu kwa muda mrefu zaidi.

"Joto," akasema. "Julai."

"Mimi nimetoka jangwani, mama. Mwili wangu una hesabu zake."

Nikatoka na sahani. Nilikuwa nimeketi kwenye stuli, ukungu ukiwa umefunika hata mnara wa tangi, niliposikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu ndani. Nikasikia sauti yake: "Huo mlango msiufunge." Akatokea akivuta kiti cha mvule, kizito, hakutaka kusaidiwa, akakiweka upande wake wa ndani wa kizingiti, akaketi na sahani mapajani.

Hajaniuliza kitu tangu siku hiyo. Wala babu hajarudi Mutuini, ingawa mama humtumia salamu. Singasinga aliniambia juzi nilipokwenda kununua rangi, "Sajini, hiyo vita ya kisima imekwisha. Sasa afande wako anasema ni yeye iliendesha lori ya maji." Nilimwambia amwache, lori lilikuwa na nafasi.

Kuna kijana wa ukoo wetu, mtoto wa binamu, amevuka mpaka mwaka huu na bunduki begani. Huniandikia kwenye simu, ananiita mfano wake. Namjibu kwamba atembee, asikimbie. Sijamwambia kwamba akirudi akiwa amefanya nilichofanya, mtu wa kumvusha ni mimi, na mimi bado niko ukingo huu.

Veranda nimeitia vigae, nimeipa paa la vioo na taa mbili, na hakuna veranda Mutuini inayoifikia. Jumapili nakula pale. Mama ameanza kunenepa. Anakaa na kiti chake ndani, mimi na changu nje, magoti yetu karibu yagusane, na kati yetu ni kizingiti cha terazo nilichokimwaga mwenyewe. Nikitaka mchuzi zaidi huupakua, huliweka bakuli juu ya kizingiti, huondoa mkono wake. Nami nasubiri mpaka umeondoka kabisa, ndipo nachukua.